Nyimbo Tisa Nilizomfungia Eunice

Bweri, hapa dukani, saa tisa alasiri

Nyamisi mwanangu,

Umetoka hapa saa nne asubuhi ukasema unafika Nyasho mara moja kumuaga Eunice. Sasa ni saa tisa. Mimi utaniaga kesho stendi, dakika tano, huku konda anapiga kelele kwamba gari linaondoka. Yeye amepata siku nzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha kuandika, na nisipolitoa mwanzoni litajipenyeza kila mstari.

Mambo ya kula na kulala na marafiki wa chuo baba yako ameshakuambia, na ukifika Dodoma atakupigia akuambie tena. Mimi nina jambo moja tu. Nimelificha miaka saba. Ningeweza kulisema kwa mdomo, ila sitaki kuuona uso wako wakati unalisikia. Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi. Isome ukishapita Bunda.

Unajua kwamba mimi na Eunice tuliimba kwaya moja kijijini Bukima tukiwa wasichana. Usichojua ni jinsi ilivyokuwa. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza, yeye sauti ya pili. Mwalimu wa kwaya alikuwaga ananisifu mimi mbele za watu, halafu noti zikimchanganya anamuuliza Eunice. Kila mara. Hata siku moja hakuniuliza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa ninarudi nyumbani nimevimba, mama yangu anadhani nina homa.

Nilikuja mjini kabla yake. Nikafungua duka hili, kazi ikiwa kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi za watu. Nilipopata maiki nikaanza kurekodi kwaya. Kompyuta niliinunua kwa fundi mmoja wa Mwanza ikiwa na kila kitu ndani, na ile programu ya kurekodia ilikuwa ya kukraki, yaani mtu alikuwa ameivunja ili ifanye kazi bila leseni. Sikuuliza. Mtaa mzima tulikuwa hivyo hivyo, na hakuna mwenye programu aliyewahi kuja kulia mlangoni kwangu, kwa hiyo sikuona kwamba kuna mtu nimemwibia.

Halafu Eunice akaja. Alikuwa karani kwenye ofisi moja Bunda, ofisi ikafungwa, akaondoka na kompyuta tatu kuukuu. Akazifuta zote akaziweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na akapanga chumba Nyasho afanye kazi kama yangu. Wiki ya kwanza tu alinifuata hapa dukani na flashi mkononi, mpole vile vile kama alivyokuwa Bukima.

"Perpetua, nyimbo zako zinapiga kwako, kwangu zinagoma."

"Labda spika."

"Siyo spika. Ni MP3. Wenye MP3 wanadai leseni, na hawa wanaotengeneza Linux wanaigawa bure. Hawawezi kumlipia leseni kila mtu anayeichukua. Kwa hiyo wanaiacha nje, kila mtu anajiwekea mwenyewe kile kipande cha kuifungulia."

Nilicheka mpaka mteja akageuka. "Kwa hiyo kompyuta yako inaomba ruhusa ya kuimba?"

Na yeye akacheka. Alidhani tunacheka pamoja.

Kesho yake akanunua bando, akakipakua kile kipande, nyimbo zikapiga. Ilimchukua siku moja. Lakini mimi niliendelea kuwaambia wateja kwamba kompyuta za Eunice hazipigi nyimbo, nikaendelea miezi na miezi. Hata muda wa haki ya wenye MP3 ulipokwisha, MP3 ikawa ya watu wote na ikaanza kuja humo humo ndani bila kuomba kwa mtu, bado nilikuwa nasema. Watu waliniamini kwa sababu nilimtangulia kufika mjini.

Sasa wewe. Ulikuwa darasa la nne nilipokutuma umpelekee Eunice flashi. Ulitakiwa uende na kurudi. Ulirudi jioni, umechangamka, unanieleza kwamba ma'mdogo amekuonyesha sauti ya mtu inavyofanana na milima ukiitazama kwenye skrini. Mimi nilikuwa na milima hiyo hiyo kwenye skrini yangu miaka yote. Hukuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kukuonyesha, kwa sababu ukikaa karibu nilikuwa nakuambia usiguse.

Baada ya hapo kila ukitoka shule ulikuwa unapitia Nyasho. Eunice hana mtoto, na huku kwetu mwanamke asiye na mtoto watu wanakosa namna ya kumwita. Wateja wake walipokuona upo pale kila siku wakaanza kumwita Mama Nyamisi. Nililisikia sokoni kwa masikio yangu. Mwanamke aliita "Mama Nyamisi!" nikageuka, nikakuta anamwita Eunice aliyesimama nyuma yangu ameshika mfuko wa nyanya. Eunice aliona aibu, akasema, "Mama Nyamisi ni huyu hapa." Nilimjibu kwa tabasamu. Sikulala vizuri wiki ile.

Na ndiyo wiki uliyoniuliza, "Mama, hivi programu yetu ni ya wizi?"

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Mimi ndiyo nilimuuliza ma'mdogo kwa nini ya kwake ni ya bure halafu ya kwetu ikifunguka inaandika jina la mzungu tusiyemjua."

Nikakuambia, "Nenda basi akuzae yeye."

Ulikwenda kuosha vyombo. Ulikuwa na miaka kumi. Sijawahi kukuomba msamaha kwa neno lile, nilikuwa natumaini umelisahau. Kama hukulisahau, nisamehe.

Nafika kwenyewe.

Unaikumbuka kwaya ya Buswahili. Walikuja kurekodi kwangu nyimbo tisa, zote za Mama Wegesa, yule mwenye sauti ambayo ukiisikia unaacha unachofanya. Nilirekodi sauti zote, nikabakiza kuzichanganya na kuzisafisha. Nilichelewa. Nilikuwa na kazi nyingine, na kusema kweli kwenye kusafisha sauti sikuwa hodari. Mwenyekiti wao, Mzee Magoti, alikuwa ameshatangaza uzinduzi wa albamu kanisani Bunda, kadi zimeshatoka. Siku moja akaja hapa, akavua kofia.

"Mama Nyamisi, usikasirike. Wanakwaya wamesema kazi tuimalizie kwa Eunice. Tunaomba tu zile sauti."

Haki yao. Walikuwa wameshanipa changu chote. Ningeweza kuwapa sauti zile kwa WAV, ambayo kompyuta yoyote duniani inafungua. Ni kubofya mahali pamoja. Nilijua hivyo, mwanangu. Badala yake nikazifunga zote ndani ya faili la programu yangu, aina ambayo haifunguki popote isipokuwa kwenye programu ile ile, na nilijua kwamba programu ile haiingii kwenye Linux. Nikaandika vizuri kwenye CD, "Buswahili, nyimbo tisa," nikaweka kwenye bahasha ya kaki. Nikamwambia Mzee Magoti, "Zimo zote. Akishindwa kufungua, hilo ni tatizo la kompyuta zake."

Eunice alihangaika nazo wiki tatu. Alikuja hapa mara mbili kuniomba nimpe kwa namna nyingine. Mara ya kwanza nikasema umeme hakuna. Mara ya pili nilimwona anashuka kwenye bodaboda, nikafunga mlango nikakaa ndani kimya mpaka akaondoka.

Siku ya uzinduzi nilikwenda Bunda. Nilivaa kitenge kipya. Wageni walijaa, mgeni rasmi amekaa mbele, na hakukuwa na albamu ya kuzindua. Kwaya ikaimba kwa midomo tu, Mama Wegesa akaongoza, halafu Mzee Magoti akasimama akasema mbele ya kanisa zima kwamba fundi waliyempa kazi amewaangusha kwa sababu vifaa vyake havina uwezo. Watu wakageuka kumtazama Eunice. Wewe ulikuwa umekaa ubavuni kwake, darasa la sita, unalia kuliko yeye.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilifurahi. Nimetafuta neno lingine jepesi kidogo, sijalipata. Nilifurahi mpaka nilipoona wewe ndiye unayemfuta machozi, na hapo furaha ikageuka tena kuwa kile kile kilichonipeleka Bunda.

Wateja wake wengi wakahama. Baadhi walikuja kwangu, na niliwapokea.

Miaka mitatu ikapita. Mama Wegesa akafanyiwa upasuaji wa koo, akapona, lakini sauti haikurudi. Anaongea kwa kunong'ona mpaka leo, unamjua. Ndipo Mzee Magoti akarudi hapa kwangu. "Zile nyimbo tisa bado unazo? Sasa hatuna sauti yake mahali pengine popote." Nikasema ninazo. Nikasema nitazimaliza mwenyewe kwa wiki moja. Nilijisikia mkubwa kama nyumba.

Siku ya tatu ya kazi ile nikaunganisha kompyuta na intaneti ya simu ili nimtumie mteja wimbo. Asubuhi yake programu ikaniletea maandishi mekundu kwamba leseni yangu si halali, ikajifunga. Nikamwita fundi, akaniletea kraki nyingine, ile ikaleta virusi, kompyuta ikawa haiwaki kabisa. Nyimbo zilizokwisha nilikuwa nazo kwa MP3 kwenye flashi. Lakini zile ambazo hazijakwisha, pamoja na zile tisa, zilikuwa ndani ya mafaili yale tu, na sasa nilikuwa kama Eunice siku ile ya bahasha. Ninacho kitu mkononi, kina sauti ndani, na siwezi kukifungua.

Sikumwambia mtu. Uliona mwenyewe nilivyokuwa, nimekaa hapa dukani natazama ukuta. Ulikuwa kidato cha pili. Ukaichomoa diski ya kompyuta bila kuniaga ukaipeleka Nyasho.

Nilipokuta haipo nilijua ilipo. Nilipanda bodaboda na maneno yangu nimeyapanga njia nzima, kwamba leo Eunice atanitambua. Nikafika mlangoni kwake, nikasikia kelele ndani kama mvua kwenye bati. Nikasimama. Kelele ikakatika, kikaja kitu kizito, kinavuta, kama ng'ombe anayelalamika mbali. Halafu sauti yako:

"Iko chini sana hiyo, ma'mdogo. Tumeidanganya spidi. Weka elfu arobaini na nne na mia moja."

Na Mama Wegesa akaimba.

Wimbo wa tatu, ubeti wa kwanza, safi, kama amesimama chumbani. Nilishika mlango.

Baadaye ulinieleza mlivyofanya: kwamba hamkulifungua faili kwa njia ya kawaida, mkaiambia ile programu ya bure ya kuhaririia ilisome kama data ghafi, bila kujali ni la aina gani, halafu mkakisia vipimo mpaka sauti ikakaa sawa. Ulieleza huku mikono inaruka. Ulisema wazo lilikuwa lako, ulilisoma kwa watu wanaosaidiana mtandaoni, na Eunice hakulijua kabla. Nilikusikiliza nikifikiria kitu kimoja tu: amelipata akiwa kwenye meza ya mwingine.

Jioni ile Eunice alikutuma soda. Tukabaki wawili. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kibodi kwa kipande cha khanga.

"Perpetua," akasema, "mimi nilijua. Tangu siku ya kwanza."

Nikachungulia mlangoni kama unarudi.

"Mtu aliyerekodi miaka yote hiyo hawezi kukosa kujua WAV."

"Basi kule Bunda mbona hukusema? Wamekutukana mbele ya kanisa."

Akaendelea kufuta. "Nyamisi alikuwa amekaa pale."

Basi. Ukaingia na soda, tukanywa watatu, na wewe ukawa unacheka.

Ungetegemea niseme kwamba siku ile wivu ulinitoka. Hapana. Ulizidi. Kabla ya hapo nilimwonea wivu kwa kazi yake na kwa jinsi unavyomwangalia. Baada ya hapo nikawa namwonea wivu hata kwa utu wake, kwamba alikulinda usijue mama yako ni mtu wa namna gani, jambo ambalo lilikuwa kazi yangu mimi. Mama Wegesa alipokuja kusikiliza, akavaa hedifoni akafumba macho, midomo yake ikawa inafuata maneno bila sauti, wote mlilia. Mimi nilitoka nje nikasingizia simu. Nilikuwa naona wivu, Nyamisi. Kwa mwanamke aliyepoteza sauti, kwa sababu ninyi wawili ndio mliomrudishia.

Albamu ikatoka, unajua. Kwaya wakamshukuru Eunice kwa kusema "sasa amejifunza." Na ningeendelea kuishi hivyo hivyo, kwa sababu mtu anaweza. Lakini mwezi uliopita nilikusikia unamwambia baba yako kwamba unataka kusomea mambo haya ili yasikukute yaliyomkuta ma'mdogo. Ulisema, "Wakati ule hakuwa na uwezo, ila hakukata tamaa." Ulisema kwa upendo. Nikaona unaondoka nyumbani umebeba uongo wangu, tena umeufanya ndiyo sababu ya safari.

Jumapili iliyopita nilikuambia naenda harusini Butiama. Sikwenda harusini. Nilikwenda Buswahili, nikasubiri ibada iishe, nikaomba kuongea na kwaya. Niliwaambia kama nilivyokuambia hapa, pamoja na kitenge kipya. Mzee Magoti ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo tulimsema yule mama bure, miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwepo Bunda? Ukanisikia?"

"Nilikuwepo, mzee. Benchi la nyuma."

Akakaa chini. Mama Wegesa ndiye aliyenijia, akaniinamia sikioni. Nilidhani ananisamehe. Akanong'ona, "Mimi ningeweza kufa bila kujisikia tena. Ulilijua hilo?" Nikasema sikulijua. Akasema, "Sasa ulijue," akarudi mahali pake. Hajanisamehe, na sijui kama atanisamehe. Nililistahili lile neno zaidi ya kukumbatiwa.

Alhamisi kwaya wakaja Nyasho na mbuzi kumwomba Eunice radhi. Leo utakuwa umemwona amefungwa uani, na Eunice atakuwa amekuambia ni zawadi tu, kwa sababu ndivyo alivyo. Nilikuwepo, walitaka niwepo. Mimi nilipewa kiti cha pembeni. Eunice akaniletea chai mwenyewe. Nikukirie kitu cha kukuchekesha? Nilimwonea wivu hata kwa yule mbuzi. Mzuri, mweupe, masikio makubwa. Katika miaka yangu yote ya kurekodi hakuna kwaya iliyowahi kuniletea mbuzi.

Kwa hiyo usije ukasoma barua hii ukadhani mama amepona. Sijapona. Nimejifunza tu kuutambua wivu ukija. Wangu hauji na hasira. Unakuja na kicheko, na maelezo mazuri, na bahasha iliyoandikwa kwa mwandiko safi. Ukijikuta unafurahi mwenzako ameshindwa, na una sababu tatu nzuri za kufurahi, simama hapo hapo kabla hujaipata ya nne.

Na kwenye kazi, kwa kuwa ndiyo kazi yako sasa: ukirekodi sauti ya mtu, ihifadhi kwa namna ambayo hata adui yako anaweza kuifungua bila kukuomba. Sauti siyo yako. Wewe umeishikilia tu. Hili Eunice alilijua tangu mwanzo, na ndiyo maana alikubali kuchekwa kwa ajili ya kompyuta zinazoomba ruhusa. Mimi nilikuwa na programu nisiyokuwa na haki nayo, nikaitumia kufungia nyimbo nisizokuwa na haki nazo. Nikiliandika hivi naona ni jambo dogo kulielewa. Lilinichukua miaka saba.

Huko chuo watakuuliza nani alikufundisha. Mtaje Eunice. Sema alikuwa na uwezo tangu siku ya kwanza. Usiliongeze jina langu kwa kunihurumia, na wala usiseme "na mama yangu pia," kwa sababu nitakuwa nimekaa hapa nalitamani hilo "pia" na sitaki ulitoe. Nitaumia. Niache niumie, ni haki ya Eunice.

Mama yako,
Perpetua